Maji Yanakwenda Wapi? Mwongozo wa Leseni kwa Anayefungua Mgahawa

Swali linanijia kila mwezi, mara kwa barua, mara kwa simu, mara nikiwa nimekaa zangu nakula: "Nina mtaji kidogo, nataka kufungua mgahawa. Vibali nianzie wapi?" Wengi huuliza wakiwa wameshalipa pango la miezi 6, wamenunua majiko na viti, na kibao chenye jina la mgahawa kimeshachorwa.

Nawaelewa, maana hata mimi nilianza hivyo. Nilipata fremu nzuri Sinza, kona, magari yanapita, dalali ananihimiza. Nikalipa. Wiki iliyofuata bwana afya akaja, akasimama mlangoni, wala hakutazama marumaru nilizojivunia. Aliniuliza swali moja tu: "Maji ya kuoshea vyombo yanakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Fremu haikuwa na karo wala mfereji, na mwenye nyumba alikataa kuchimbua ua wake. Pango halikurudi.

Tangu hapo nimesaidia watu kadhaa kufungua migahawa, na ninachowaambia hakibadiliki: vibali si vingi kama watu wanavyotishana. Kinachowamaliza watu ni kuvifuata kinyumenyume. Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, hasa mijini.

## Nani anatoa nini

Watu huchanganyikiwa kwa sababu wanadhani kuna ofisi moja ya "leseni ya mgahawa". Haipo. Kuna milango kadhaa, na kila mmoja una kazi yake:

- TRA: namba ya mlipakodi (TIN), makadirio ya kodi, na cheti cha kutodaiwa kodi.
- BRELA: usajili wa jina la biashara au kampuni.
- Halmashauri: leseni ya biashara kupitia afisa biashara, na ukaguzi wa afya kupitia bwana afya au bibi afya.
- TBS: usajili wa majengo ya chakula.
- Jeshi la Zimamoto na Uokoaji: usalama wa moto.
- OSHA: usajili wa mahali pa kazi, kwa usalama wa wafanyakazi wako.

Leseni za biashara zina makundi mawili. Kundi A hutolewa na BRELA, kundi B hutolewa na halmashauri. Mgahawa wa kawaida uko kundi B, kwa hiyo ofisi yako kuu ni manispaa au halmashauri ya wilaya ulipo.

Tahadhari: mtu akikudai "cheti cha TFDA" kwa ajili ya chakula, jua taarifa zake zimepitwa na wakati. Kazi ya chakula ilihamishiwa TBS kuanzia Julai 1, 2019, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Fomu za zamani bado zinazunguka stationari, usilipe hela kununua fomu iliyokufa.

## Hatua ya 1: Jengo kwanza, pango baadaye

Kabla ya kulipa chochote, nenda ofisi ya afya ya kata au manispaa. Mwambie bwana afya: "Nimeona fremu mahali fulani, nataka kupikia pale. Naomba ushauri kabla sijalipa." Chukua picha za simu za jiko, choo, ua na mfereji. Ushauri huo haukufungi kwa lolote, na unaweza kukuokolea pango la nusu mwaka.

Mwenyewe pia kagua haya:

- Maji machafu: kuna karo au mfumo wa majitaka? Kuna nafasi ya kujenga chemba ndogo ya kunasa mafuta kabla maji hayajaingia mferejini?
- Maji safi: bomba lipo? Yakikatika siku mbili, tanki lina ukubwa gani?
- Choo: kipo, na mlango wake haufungukii jikoni?
- Moshi: utatokea wapi? Jirani wa juu ana dirisha hapo?
- Sakafu na kuta: zinaoshika, au ni saruji inayomeguka?
- Nafasi: jiko linatosha kutenga nyama mbichi na chakula kilichoiva?
- Takataka: pipa litakaa wapi, na gari la taka linapita siku gani?

"Lakini dalali anasema kuna mtu mwingine anaitaka fremu." Dalali husema hivyo kila siku. Omba siku mbili.

## Hatua ya 2: Mkataba unaokulinda

Bwana afya akishakupa mwelekeo, ndipo mzungumze na mwenye nyumba. Mkataba uwe wa maandishi, na uwe na mambo haya:

1. Useme wazi kwamba nyumba itatumika kwa biashara ya chakula. Mkataba unaosema "duka" utakurudisha nyuma kwenye dirisha la leseni.
2. Useme nani anagharamia karo, choo na bomba la moshi, na kama gharama hiyo itakatwa kwenye kodi ya pango.
3. Uwe na kipengele cha kurudishiwa pango iwapo jengo litakataliwa na mamlaka kwa kasoro isiyorekebishika. Wenye nyumba wengine hukataa. Basi omba ulipe miezi 3 badala ya 6.
4. Utaje kodi ya zuio. Mfanyabiashara anayepanga anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Ukimpa mwenye nyumba hela yote mkononi, TRA watakudai wewe, nawe utakuwa unalipa mara mbili.

Mkataba huo pia hulipiwa ushuru wa stempu. Fanya hivyo mapema, usisubiri siku unapotaka cheti cha kodi.

## Hatua ya 3: TIN na jina

TIN hutolewa bure, na unahitaji namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Ikiwa una TIN ya kuendeshea gari au ya kazini, usiombe nyingine. Nenda TRA waongeze taarifa za biashara kwenye ile ile.

Siku ya makadirio, nenda na hesabu yako, usiende na woga. Watu hukosea kwa njia mbili: mmoja anataja mauzo makubwa ili aonekane mtu wa maana, mwingine anataja kidogo mno hata afisa anacheka. Hesabu sahani. Sahani 40 kwa siku, shilingi 2,500 kila moja, ni shilingi 100,000. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 2,600,000 kwa mwezi. Sema hivyo, na ueleze kwamba ndiyo kwanza unaanza.

Jina la biashara husajiliwa BRELA kwa mtandao. Ukifanya biashara kwa jina lako halisi bila nyongeza, huna ulazima wa kusajili. Ukitaka kuitwa "Jikoni kwa Bibi", sajili kabla ya kuchora kibao, maana jina likiwa limeshachukuliwa kibao kinakuwa kuni.

## Hatua ya 4: Afya ya jiko na afya ya watu

Hapa ndipo mgahawa unapotofautiana na duka la nguo. Kuna mambo mawili, na usiyachanganye.

La kwanza ni jengo. Bwana afya atakuja kukagua na kuandika ripoti. Usajili wa jengo la chakula uko chini ya TBS, lakini maafisa afya wa halmashauri hushiriki kazi kubwa ya ukaguzi. Muulize bwana afya wako moja kwa moja: "Maombi yangu napeleka kwenu au TBS?" Uliza kabla ya kujaza chochote.

La pili ni watu. Kila anayegusa chakula, pamoja na wewe mwenye mali, anapimwa afya kila baada ya miezi 6. Hutazamwa magonjwa yanayopita kwenye chakula na kwa hewa, kama homa ya matumbo, vimelea vya tumbo na kifua kikuu. Cheti ni cha mtu, si cha mgahawa. Mhudumu mpya akija Jumatatu, apimwe kabla ya kushika sahani.

"Je, dada wa kuosha vyombo naye?" Naye. Hata yule kijana anayechoma chipsi jioni tu.

Usiuone ukaguzi huu kama usumbufu. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015, kuuza chakula barabarani kulipigwa marufuku, na mama lishe wengi walikaa nyumbani bila kipato. Jiko moja lenye maji machafu linaweza kufungisha majiko ya mtaa mzima.

## Hatua ya 5: Leseni yenyewe

Sasa unaomba leseni. Halmashauri nyingi hupokea maombi kwa mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, na ukikwama afisa biashara atakuelekeza. Andaa:

- namba ya NIDA;
- TIN na cheti cha kutodaiwa kodi;
- hati ya jina la biashara, kama unalo;
- mkataba wa pango;
- ripoti au kibali cha afya.

Malipo yote hufanyika kwa kontroo namba, benki au kwa simu. Hakuna malipo halali ya mkononi.

Yajue masharti matatu ambayo watu huyasahau:

- Leseni hudumu miezi 12 tangu ilipotolewa.
- Kila tawi lina leseni yake. Leseni ya Magomeni haifuniki kibanda chako cha Mwenge.
- Leseni ni ya mwenye jina. Ukinunua mgahawa wa mtu, umenunua masufuria na wateja. Leseni haikuhamia.

## Hatua ya 6: Moto, wafanyakazi na risiti

Moto. Nunua kizimamoto kinachofaa jikoni, kiweke karibu na mlango, mbali na jiko lenyewe. Weka na blanketi la moto. Mtungi mkubwa wa gesi ukae nje penye hewa, na mpira wake ubadilishwe kabla haujapasuka. Wafundishe wapishi wako leo: mafuta yakishika moto, usimwagie maji. Zima gesi, funika sufuria.

Wafanyakazi. Sajili mahali pa kazi OSHA, na wafanyakazi NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (fidia kwa wafanyakazi). Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na desturi ni mwajiri na mfanyakazi kugawana nusu kwa nusu. Iweke kwenye hesabu ya bei ya sahani tangu siku ya kwanza.

Risiti. Mauzo yakifika shilingi milioni 11 kwa mwaka unatakiwa kuwa na mashine ya EFD. Inasikika mbali, lakini piga hesabu: shilingi 40,000 kwa siku, siku 300, ni milioni 12. Mgahawa wa sahani 20 tu umeshafika.

## Vibali vya ziada

Leseni ya mgahawa haibebi kila kitu. Jiulize:

- Utauza bia? Leseni ya vileo ni nyingine, ina saa zake na masharti yake. Kreti moja chini ya meza bila leseni inaweza kukufungisha mgahawa mzima.
- Utapiga muziki? Kazi za wasanii zina haki zao na hulipiwa. Sauti ikiwakera majirani, hilo nalo ni kosa la mazingira.
- Utachora kibao kikubwa? Mabango hulipiwa. Uliza ukubwa kabla ya kumlipa mchoraji.
- Utauza pilipili au juisi ya chupa ipelekwe madukani? Hapo umekuwa mzalishaji, na bidhaa inahitaji alama ya ubora ya TBS. Pita kwanza SIDO, huwasaidia wajasiriamali wadogo kwa mafunzo na barua ya utambulisho.
- Utafungasha chakula cha kubeba? Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Tumia karatasi au mifuko mbadala inayoruhusiwa.

## "Mimi ni mama lishe tu, haya yananihusu?"

Mengine yanakuhusu, mengine bado. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilianza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Utaratibu umebadilika tangu hapo, na sasa kuna usajili wa kidijitali. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako akuandikishe.

Zingatia mambo mawili.

Kwanza, milioni 4 kwa mwaka ni kama shilingi 13,000 kwa siku ukifanya kazi siku 300. Hizo ni karibu sahani 7 za shilingi 2,000, na wengi wenu mnauza zaidi ya hapo. Ukiendelea kujiita mdogo huku mauzo yamekua, siku ya kuhesabiwa itakuuma.

Pili, kitambulisho hakikuondolei sheria za afya. Bado unatakiwa kupimwa, kutumia maji salama, kufunika chakula na kukaa mahali ulipopangiwa. Ndoo yenye koki kwa ajili ya kunawa, sabuni, mabeseni mawili ya kuoshea na kusuuzia, na aproni safi. Kwa vitu hivyo vinne tu utakuwa umejibu sehemu kubwa ya maswali ya bwana afya.

## Makosa ninayoyaona kila mara

1. Kumtuma kishoka. Anakwambia ana mtu ndani, lete laki tatu, leseni kesho. Unapewa karatasi yenye mhuri wa kuchonga. Namba ya leseni isipoonekana kwenye mfumo huna leseni, na aliyetapeliwa ni wewe.
2. Kufungua kwanza, kibali baadaye. Wiki ya kwanza wateja wanakuja, wiki ya pili unawekewa notisi mlangoni. Wateja hao hawarudi, wanadhani walikula uchafu.
3. Kutumia vyeti vya afya vya mwaka juzi. Wahudumu wa migahawa huhama sana. Vyeti ukutani ni vya watu watano, jikoni wapo wengine kabisa.
4. Kununua nyama kichochoroni. Nunua nyama yenye mhuri wa ukaguzi na utunze risiti. Mteja akiugua, risiti hiyo ndiyo ushahidi wako.
5. Kukaa kimya biashara ikifa. Ukifunga mgahawa, iandikie TRA na halmashauri. Usipotoa taarifa, makadirio yanaendelea kuhesabiwa huku wewe umeshahamia kwenye bodaboda.

## Siku ya ukaguzi

Usikimbie, wala usifunge mlango. Mwombe mkaguzi kitambulisho kwa heshima, mpe aproni, mtembeze. Haya ndiyo atakayoyatazama:

- vyakula vya baridi viko chini ya nyuzi 5, vya moto juu ya nyuzi 60;
- nyama mbichi haikai juu ya kachumbari kwenye friji;
- ubao wa kukatia nyama si ule wa mboga;
- madirisha yana nyavu, na pipa la taka lina mfuniko;
- kuna sabuni mahali pa kunawia, na si ya maonyesho;
- kucha ni fupi, nywele zimefunikwa, hakuna mwenye kidonda wazi.

Akikuta kasoro, omba aiandike na akupe muda wa kurekebisha. Piga picha ukishamaliza, mpelekee. Akikudai "ya maji" ili afumbe macho, usimlipe. Namba ya TAKUKURU ni 113, na kupiga ni bure. Na ukweli mwingine: anayetoa rushwa leo amejiandikisha kuitoa kila mwezi.

## "Lakini jirani yangu hana hata karatasi moja, na anauza"

Ndiyo, wapo. Hoja hii naisikia kuliko zote, na siwezi kuipinga kwa kuangalia barabarani. Naijibu kwa hesabu. Jirani huyo hawezi kupata zabuni ya kulisha ofisi ya jirani, hawezi kukopa benki kwa jina la biashara, na kila gari la manispaa likipita moyo unamdunda. Wewe ukiwa na karatasi zako unaweza kuomba kulisha semina ya watu 60. Oda moja kama hiyo inaweza kurudisha gharama ya vibali vya mwaka.

## Daftari la tarehe

Nunua daftari la shilingi 1,000, uandike ukurasa wa kwanza:

- leseni ya biashara inaisha lini;
- kila mhudumu anapimwa tena lini;
- awamu za kodi ya mapato TRA;
- michango ya wafanyakazi ya kila mwezi;
- ukaguzi wa kizimamoto;
- mwisho wa mkataba wa pango.

Weka kila jambo mwezi mmoja kabla ya tarehe yake. Piga nakala ya kila cheti. Leseni ining'inie ukutani ionekane, nakala zikae nyumbani, mbali na jiko.

Ukiwa Zanzibar, usitumie orodha hii ya ofisi, kwa kuwa kule kuna BPRA kwa usajili, ZRA kwa kodi na ZFDA kwa chakula. Mpangilio hata hivyo ni ule ule: jengo, mkataba, usajili, afya, leseni.

Ukisahau vyote nilivyoandika, kumbuka kimoja. Kesho asubuhi, kabla hujamtumia dalali hata senti, nenda kwenye ile fremu uliyoipenda, mwaga ndoo ya maji jikoni, kisha toka nje uone yanatokea wapi. Yakipotea salama, nenda ofisi ya afya. Yakituama, mwachie dalali fremu yake.